Rangi Mpya Kwenye Gari la Zamani

 

Barabara kuu inayotoka Morogoro kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, lami ikafuata miaka michache baadaye, na tangu hapo magari na wanyama wanagombea njia hiyo usiku na mchana. Swala anachomoka majanini, nyani wamekaa katikati ya lami, nyati anavuka kwa wakati wake. Matuta yapo, vibao vya mwendo vipo, na bado magari yanaletwa Mikumi yakivutwa kwa kamba, taa imepasuka, fenda imebonyea, boneti limekunjika. Nje ya hifadhi, kule Ruhembe na Kidodi, kuna matrela ya miwa yanayopita yakikwaruza kila kilicho karibu. Huku Kisanga kuna vumbi na kokoto zinazorushwa na gari la mbele. Yote hayo mwisho wake ni kwa fundi bodi.

Nataka niseme mapema kwamba mafundi wetu wa kunyoosha bati nawaheshimu. Fenda iliyokunjika kama karatasi wanairudisha kwenye umbo lake kwa nyundo, kipande cha chuma na uvumilivu. Shida inakuja baadaye. Gari limenyooka, limepigwa bodifila, limepigwa msasa, limepuliziwa rangi, mwenye gari anakuja kulichukua jioni, anafurahi. Kesho yake saa nne, jua limepanda, anatoka nje ya nyumba na kuona fenda moja ina rangi yake na mlango una rangi yake. Anarudi gereji amekasirika: "Fundi, mbona mlango na fenda havifanani?" Naye fundi anajibu: "Bosi, nimenunua rangi kwa namba ya gari lako mwenyewe." Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanalilaumu kopo.

Mimi naamini kopo linaonewa. Rangi inayopishana mara nyingi haikukosewa dukani. Imekosewa pale ilipopuliziwa: kwenye mwanga, kwenye mkono, kwenye haraka, na kwenye tabia yetu ya kutaka rangi iishie hapohapo gari lilipogongwa.

Tuanze na hiyo namba. Magari mengi tunayotumia ni yaliyotumika Japani: Noah, IST, Harrier, Hiace na mengineyo. Fungua boneti, tazama ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Kuna kibati kidogo kimepigwa ripiti, kina maandishi ya kiwandani. Kwa Toyota tafuta herufi C/TR. Alama tatu za kwanza zinazofuata ndizo namba ya rangi. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe ya kawaida. 070 ni nyeupe ya lulu. 202 ni nyeusi. 1F7 ni silva. Kwa baadhi ya magari kibati au karatasi hiyo iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usimwambie muuza rangi "nipe silva ya Noah", kwa sababu silva za Toyota ziko nyingi. Piga picha kibati chenyewe, muoneshe.

Lakini namba inakupa rangi jinsi gari lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Wewe gari lako lilitoka kiwandani pengine miaka 15 au 20 iliyopita. Limekaa juani Japani, likakaa bandarini, likaja kukaa juani hapa kwetu, ambako jua la saa saba linasimama juu ya kichwa. Jua linakula rangi. Nyekundu inafifia na kuwa kama imechujuka, nyeupe inaelekea unjano, nyeusi inapoteza kina chake. Chukua doti ya kanga uikate vipande viwili, kimoja ukivae na kukianika kila wiki, kingine ukifungie sandukuni. Baada ya miaka miwili vipange pamoja. Kiwanda ni kilekile na rangi ni ileile, lakini hakuna atakayekubali kwamba ni doti moja. Kopo la rangi mpya ni kile kipande cha sandukuni.

Ndiyo maana kazi ya kulinganisha inaanza kwa kuosha gari na kuipiga poleshi ile sehemu ya zamani iliyo jirani na pigo. Ukilinganisha rangi mpya na mlango wenye vumbi la Kisanga na ngozi ya rangi iliyokufa, unalinganisha na uchafu. Siku mwenye gari atakapoliosha vizuri au kulipiga poleshi, mlango utang'aa na fenda itabaki peke yake. Eneo la kiganja cha mkono, lililosuguliwa mpaka rangi halisi ikatokea, linatosha kwa kuanzia.

Watu wengi wanadhani nyeupe ni rahisi, lakini nyeupe si nyeupe tu. Nyeupe ya kiwandani ina vitone vya nyeusi, vya njano, wakati mwingine vya bluu, na vitone hivyo ndivyo vinavyoifanya iwe baridi au iwe na joto. Anayechanganya kwa macho anaongeza tone moja la nyeusi kwenye lita ya nyeupe, na tayari kopo zima limeharibika. Dukani wanapima kwa gramu kwenye mizani, na mjini kuna maduka yenye mashine ya kusoma rangi kutoka kwenye mwili wa gari. Kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini ni kama kilomita 120. Kama kazi ni ya boneti zima la gari la thamani, peleka kifuniko cha tangi la mafuta wakipime. Kifuniko kile kinafunguliwa kwa skrubu mbili na kinaingia mfukoni.

Nyeupe ya lulu, ile 070, ndiyo inayowatesa mafundi kuliko zote. Ina tabaka tatu: chini nyeupe nzito, katikati tabaka jepesi lenye chembe za maika zinazong'aa kama gamba la chaza, na juu klia, yaani ile ya kung'arisha isiyo na rangi. Tabaka la katikati linapitisha mwanga, kwa hiyo kila ukipitisha mkono mara moja zaidi rangi inabadilika. Mkono mara mbili ni rangi moja, mara tatu ni nyingine, mara nne ni nyingine tena. Fundi makini anachukua kipande cha bati, anakipiga nyeupe ya chini chote, kisha anakigawa kwa tepu ya karatasi. Sehemu ya kwanza anapitisha lulu mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne. Anafunika chote kwa klia, anasubiri kikauke, anakipeleka kwenye mlango wa gari. Hapo ndipo anajua apitishe mara ngapi. Kazi hiyo inachukua nusu siku kabla gari lenyewe halijaguswa, na ni nusu siku inayostahili kulipwa.

Sasa tuje kwenye silva, kwa sababu ndiyo rangi iliyojaa barabarani kwetu. Ndani ya silva kuna chembe ndogo za aluminiamu, bapa, kama magamba ya dagaa yaliyosagwa. Chembe hizo zikilala chali juu ya uso wa rangi, zinarudisha mwanga na gari linaonekana jeupe zaidi. Zikizama na kusimama upande, mwanga unapotelea katikati yake na rangi inakuwa nzito, yenye giza. Ni nini kinaamua zilale au zisimame? Mkono wa fundi. Akipuliza karibu, rangi nyingi, mbichi, chembe zinapata muda wa kuzama. Akipuliza mbali, rangi ikafika imeshaanza kukauka, chembe zinabaki juu. Kwa hiyo mafundi wawili wakigawana kopo moja na kupuliza milango miwili ya gari moja, mtapata milango miwili yenye rangi mbili. Sijasema hivyo ili kumtisha mtu. Nimesema ili fundi ajue kwamba anayo nafasi ya kurekebisha bila kuongeza chochote kwenye kopo: silva ikiwa nzito kuliko gari, arudishe mkono nyuma kidogo, apunguze rangi, ikiwa nyepesi mno, asogee, apulize mbichi zaidi. Umbali wa kawaida ni sentimita 15 hadi 20, na mkono uende sambamba na bati, usizunguke kama unafagia uwanja.

Kompresa nayo ina sauti katika hili. Kompresa ndogo ikichoka katikati ya boneti, upepo unashuka, matone yanakuwa makubwa, chembe zinazama, na upande wa kulia wa boneti unatoka mweusi kuliko wa kushoto. Fundi hakubadilisha chochote, upepo ndio umebadilika. Ni bora asimame, aache tangi lijae, ndipo aendelee. Na asubuhi kabla ya kazi afungue kile kikoki cha chini amwage maji. Wakati wa masika, hewa ya Kilosa ikiwa imebeba unyevu, maji hayo ni mengi, na tone moja likitoka na rangi linaacha jicho kwenye klia. Msimu huohuo, ukitumia tina inayokauka upesi, uso wa rangi unapoa ghafla, unavuta unyevu na kupata ukungu mweupe. Hapo hata rangi iliyolingana kabisa itaonekana imekosewa.

Msikilizaji, gereji nyingi za huku ziko chini ya mwembe. Kivuli ni kizuri kwa mtu na kwa chuma, lakini mwanga uliopita kwenye majani ni wa kijani, na nyeupe au silva iliyolinganishwa pale inalinganishwa na ukijani juu yake. Ukuta wa matofali ya kuchoma ulio jirani unatupa wekundu. Turubai la bluu linatupa ubluu. Hata shati jekundu la fundi aliyeinamia mlango linajionesha kwenye rangi. Usiku, chini ya taa ya umeme, ni vibaya zaidi: zipo rangi mbili zilizotengenezwa kwa michanganyiko tofauti ambazo zinafanana kabisa chini ya taa na kupishana wazi juani, kwa sababu kila mwanga una rangi zake ndani na kila mchanganyiko unachagua wa kurudisha. Kwa hiyo kipande cha majaribio kitolewe nje, mahali pa wazi. Kiwekwe juu ya mlango, usawa uleule, si mkononi. Kitazamwe kwa mbele, kisha kwa upande ukiwa umeinama karibu na taa ya nyuma, kisha jua likiwa mgongoni kwako na likiwa usoni. Silva inayolingana kwa mbele inaweza kukukataa kwa ubavu. Na kisitazamwe kikiwa kibichi. Rangi ikikauka hubadilika, na ikifunikwa klia hubadilika tena.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mwanzoni mwa karne iliyopita magari yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na rangi ilichukua majuma kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya kupuliza inayokauka upesi, na magari ya Oakland ya General Motors yakaanza kutoka viwandani na rangi ya bluu badala ya weusi. Hapa kwetu, wazee waliofanya kazi na Land Rover na Peugeot 404 walikuwa na rangi za tabaka moja, zisizo na chembe. Ukipata kopo sahihi na ukapiga poleshi, kazi imekwisha. Magari ya Japani yalipofurika baada ya biashara kufunguliwa, yalikuja na rangi za tabaka mbili na tatu, zenye chembe na klia. Ufundi ulibadilika chini ya mikono ya watu ambao hawakupelekwa darasani kuujifunza upya. Waliujifunza kwenye magari ya wateja, na wengi wameujua vizuri. VETA ina chuo hapahapa Mikumi, na ningependa sana kusikia kozi fupi za jioni za rangi za kisasa kwa mafundi ambao tayari wako kazini, wenye gereji zao na mikono iliyozoea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenye magari hatulipendi, kwa sababu linahusu mfuko. Hata rangi ikilingana kwa kiasi kikubwa sana, ukiipuliza fenda peke yake na kuikata kwenye ukingo wa mlango, jicho litaona. Jicho la binadamu ni kali mno pale rangi mbili zinapokutana kwa mstari. Dawa ni kuipoteza rangi taratibu. Fundi anapuliza pale palipotengenezwa, mkono wa pili anauvusha mbele kidogo, wa tatu mbele zaidi, mpaka rangi inaingia kwenye mlango ikiwa nyembamba kama moshi na kuishia katikati ya mlango bila mpaka. Kisha fenda yote na mlango wote vinafunikwa klia mpaka ukingoni. Pale kwenye mlango hakuna haja ya kung'oa rangi ya zamani. Msasa laini wa namba 1000 au zaidi unatosha kuufanya ushike. Ukifanya hivyo, hata tofauti ndogo iliyobaki imetandazwa mahali ambapo jicho halina pa kuishikia.

Lakini mteja anasema: "Fundi, mlango wangu ni mzima, kwa nini unaugusa? Mimi nimegonga fenda." Analipia fenda, anataka fenda. Fundi, kwa kuogopa kumpoteza, anakubali, anakata rangi kwenye ukingo, na kesho yake lawama zinaanza. Ndugu yangu, mlango uliofunikwa klia haujaharibiwa. Ndio uliobeba nusu ya kazi uliyoitaka. Wala usikubali klia ikatwe katikati ya mlango ili kuokoa robo lita. Ukingo ule utapolishwa na hautaonekana leo, lakini jua likiupiga misimu kadhaa utaanza kujionesha kama mstari wa chumvi, kisha utabanduka.

Bampa ni habari nyingine. Ni plastiki, ina praima yake, na ikikosa hiyo rangi inachunika kama ganda la kitunguu. Tena hata kiwandani bampa nyingi hupakwa mahali tofauti na bodi, kwa joto tofauti, kwa hiyo yapo magari yaliyotoka Japani na bampa iliyopishana kidogo na fenda. Usimgombeze fundi kwa tofauti aliyoikuta. Mwoneshe kabla ya kazi, mkubaliane.

Wapo pia wanaopiga simu Dar es Salaam, Ilala au Gerezani, wakitafuta fenda iliyotumika yenye rangi ileile na namba ileile, ili wasipake kabisa. Ni mbinu nzuri kwa mfuko, na kwa gari la kazi naiunga mkono. Ila ile fenda ilikaa kwenye gari jingine, ikapigwa na jua lake. Itakaribia, mara chache itafanana. Ukiipata, ipige poleshi pamoja na gari lako kabla hujaamua.

Na kama umechoka na rangi ya zamani, ukaona bora upake gari zima rangi nyingine, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi. Kadi ikisema nyeupe na gari likiwa jeusi, utaeleza barabarani. Peleka taarifa TRA kadi ibadilishwe.

Kuna neno moja kwa mafundi, na nalisema kwa uzito. Hadna inayochanganywa kwenye klia na praima za kisasa ina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Zikiingia kifuani zinaweza kukuachia pumu ya maisha, na mtu akishaathirika, kiasi kidogo tu kinatosha kumbana pumzi. Kitambaa cha fulana kilichofungwa puani kinapunguza vumbi la msasa tu, mvuke huu hakiuzuii. Inatakiwa angalau barakoa yenye vichujio vya mkaa, vibadilishwe kabla havijachoka, na watoto wasicheze karibu wakati wa kupuliza. Kijana anayeshika taa au anayevuta bomba la upepo naye anavuta hewa ileile, naye apewe barakoa. Wewe mwenye gari, ukiona fundi hana, mwongezee fedha ya barakoa kabla ya kudai klia ya bei ghali.

Basi msikilizaji, kama gari lako liko gereji sasa hivi, fanya hivi. Nenda kaombe kipande cha majaribio kabla ya gari kupuliziwa, na kikilingana muombe fundi aandike nyuma yake namba ya rangi, tina aliyotumia na idadi ya mikono, kisha ukitunze kwenye droo ya gari, kitakusaidia safari nyingine. Mpe fundi siku anazozihitaji. Siku ya kulichukua usiende jioni. Nenda saa nne asubuhi, litoeni gari uwanjani, mbali na mwembe, lizungukeni wewe na yeye pamoja. Kama lina kasoro, mwambie hapohapo, kwa adabu, arekebishe. Kama limekubali, mlipe fedha yake yote siku hiyohiyo.